Ukoo Uliochorwa kwa Rula

Asubuhi nyumbani kwetu huanza kwa kelele mbili. Ya kwanza ni ya mashine ya kukaushia nywele, kwa kuwa mama ni msusi na saluni yake ni chumba chetu cha mbele. Ya pili ni ya kaka yangu. Mtaa mzima humwita Spika, na jina hilo hakusingiziwa. Huamka na drill, ule muziki wa kurapu wenye besi nzito, hupiga mswaki na drill, hata soksi huzivaa kwa mdundo.

"Wewe mwana, punguza hilo kopo lako la muziki," mama humwambia. "Nitamsuka mteja upande."

"Mama, hii ni drill. Huwezi kuielewa."

"Sijasema nataka kuielewa. Nimesema ipunguze."

Chumba changu na chake vimetenganishwa na pazia tu, kwa hiyo mkitafuta mtu wa kumwonea huruma, nipo hapa.

Siku moja mwalimu wa klabu ya muziki, ambayo mimi na Spika tumo, alitupa kazi. Wawili wawili, tuchague aina ya muziki tuchore ukoo wake: nani mzazi, nani mtoto, nani mjukuu. Alitoa sharti moja, kwamba mtu asichore mshale wa kuunganisha mzazi na mtoto kabla ya kusikiliza muziki wa pande zote mbili. Waliochagua drill aliwaambia wasikilize ala tupu.

"Vijana walioianzisha waliishi kwenye mitaa yenye vurugu, wakaimba waliyoyaona," alisema. "Hatutajifanya hayapo, lakini hatutayaimba hapa."

Kundi ambalo lingefanya vizuri kuliko yote lingeeleza kazi yake Jumamosi kwenye kipindi cha watoto redioni. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa nikishika kitana cha mama kama maikrofoni na kuwasomea wateja habari, mpaka wengine wakawa wananiomba ninyamaze. Sasa redio ya kweli ilikuwa inaniita, na mwenzangu wa kazi akawa nani? Spika.

Tulichagua drill, bila shaka, tukagawana kazi. Mimi nifuatilie mababu, yeye afuatilie drill yenyewe. Nilisikiliza mpaka masikio yakauma. Nilianzia kwenye maspika makubwa ya mitaani huko Jamaika, ambayo wahamiaji walikwenda na utamaduni wake London. Nikasikia jinsi London ilivyopata muziki wa jungle, kisha garage, kisha grime. Upande wa pili nikasikiliza trap ya Atlanta, kusini mwa Marekani, iliyoilea drill ya kwanza kule Chicago.

Spika alimaliza sehemu yake kabla maji ya chai hayajachemka. Mishale yake ilikuwa imenyooka vizuri sana: Chicago kwenda New York, New York kwenda London.

"Umezisikiliza zote tatu?" nilimuuliza.

"Mdogo wangu, samaki hafundishwi kuogelea. Mimi drill naisikiliza hata nikilala."

Hilo nalijua, maana na mimi huwa nalala hapo hapo.

Mwalimu aliuona mchoro wetu, akaupenda, akatuchagua. Ijumaa alitupeleka kituo cha redio kwa mazoezi. Fundi mitambo, dada mwenye vipokea sauti shingoni, alitukalisha mbele ya maikrofoni. Kisha akapiga midundo mitatu bila kusema imetoka wapi.

"Nionyesheni ndugu wawili wa karibu," alisema.

Spika alifumba macho. Mdundo wa kwanza ulikuwa mzito, unatembea polepole. Katika wa pili na wa tatu, besi iliteleza kutoka chini kwenda juu, na matoazi yalikuwa yanarukaruka.

"Wa pili na wa tatu," Spika alijibu bila kusita. "Besi inateleza vilevile."

"Sikio unalo," alisema fundi mitambo. "Wa kwanza ni Chicago. Wa pili London. Wa tatu New York." Kisha akautazama mchoro wetu. "Sasa mbona hapa London ni mtoto wa New York, na New York amezaliwa moja kwa moja na Chicago?"

Spika alianza kupiga mdomo kuhusu drill anayoisikiliza hata akilala. Mwalimu alimkatisha. "Mishale hii uliijuaje?"

Spika alitazama viatu vyake. "Kwa atlasi, mwalimu. Nilipima kwa rula. Chicago na New York ziko nchi moja, nikaona lazima mmoja amzae mwenzake. London iko ng'ambo ya bahari, nikaiweka mwisho."

Nilitaka kulia na kucheka kwa wakati mmoja. Mtu ana masikio kama yale, halafu anaenda kuuliza rula.

"Nafasi yenu nitawapa wale waliochagua rege," alisema mwalimu. Nilihisi machozi yakinilenga.

Spika akasimama. "Mwalimu, makosa ni yangu. Yeye alisikiliza, mimi nilidanganya. Niache mimi, yeye azungumze kesho peke yake."

Sikutegemea angesema vile. Hata hasira zangu zilikosa pa kukaa.

Mwalimu alimrudishia mchoro. "Hapana. Mtabaki wote hapa mpaka kila mshale uwe umesikilizwa. Ukibaki hata mmoja wa kubahatisha, wa rege wanaingia."

Tuliingia chumba cha pili. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona kaka yangu akisikiliza bila kutikisa kichwa. Alirudia, akalinganisha, akafuta. Tukaona kwamba drill ya Chicago ilifika London, ikachanganyika na grime, ikaongezewa mwendo na besi ya kuteleza. Baadaye vijana wa New York wakarapu juu ya midundo iliyotengenezwa na vijana wa London. Kumbe mtoto alivuka bahari, akalelewa ugenini, akarudi nchi ya mama yake na lafudhi nyingine. Mchoro mpya ulikuwa na mishale iliyopinda na kupishana, na haukupendeza hata kidogo.

Jumamosi nilizungumza redioni, na sauti yangu haikutetemeka. Spika alieleza ule mshale wa kurudi, kisha akawaambia wasikilizaji wote habari ya rula. Tulipotoka mwalimu alimshika bega.

"Jirani si lazima awe mzazi," alisema. "Na kupenda kitu si kukijua. Kukijua kunataka ukae chini ufanye kazi, hata kama wewe ndiye unayekipenda kuliko wote."

Nyumbani tulimkuta mama na wateja wake wamekaa karibu na redio, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Spika alikenua meno yote, akakimbilia nyuma ya pazia, na drill ikaanza.

"Mwanangu," mama aliita, "sasa nimeielewa. Ipunguze."