Akala za Tairi la Kimeu

Priscilla alifagia mbele ya gereji jioni. Asubuhi akatoka na ufagio wake, akasimama. Juu ya vumbi jekundu kulikuwa na alama za tairi la lori, lakini hazikuwa mstari. Zilikuwa vipande vipande, kushoto, kulia, zikielekea mlangoni.

"Baba Alice," alimwita mumewe kwa sauti ya chini, "hili ni lori gani linalotembea kwa miguu?"

Mwandawiro akazifuta kwa kisigino. "Ni watu na akala zao, viatu vya mpira wa tairi. Endelea na kazi."

Alijua kudanganya huyo. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa tairi pale Voi, na lori la mkonge haliondoki kwenda Taveta kabla hajagonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza. Tairi la dereva mmoja, Kimeu, lilikuwa limechanika ubavuni. Mwandawiro alikuwa na haraka ya kwenda harusini Mwanda, basi akalitia kiraka cha ndani, akakishona kwa waya, akamwambia Kimeu liko imara. Likapasuka njiani, Maktau. Kimeu akafia chini ya lori lake, na watu wakasema alikuwa amelewa. Mwandawiro, aliyekwenda na gari la kuvuta lile lori, alilificha tairi kabla askari hawajafika. Baadaye akalikata akala, akawagawia vibarua wa mkonge bure. Kanisani akaombewa baraka kwa ukarimu wake. Akaitikia amina.

Sasa alama zikawa zinakuja kila siku. Zikapanda kizingiti, zikaingia jikoni, ugali ukanuka mpira ulioungua, na mchana mmoja wa jua kali Mwandawiro, amelala chali chini ya lori, peke yake, akasikia akala zikija polepole juu ya changarawe, zikilizunguka gari, zikisimama penye kila gurudumu kama anavyosimama yeye, mpaka zikafika karibu na sikio lake, na alipogeuza shingo hakuona mguu, ila kiraka chake kimejichapa vumbini, waya na yote.

Akapanda mlima wa Sagalla kwa mganga, bibi asiye na meno wala subira.

"Nifukizie, Nyanya."

"Nifukize nini, uongo wako? Huyo hataki ubani. Kusanya akala, umpelekee mjane, useme ulichofanya."

"Watu watanicheka."

"Wacha wakucheke! Kwani sasa unacheka wewe?"

Akazikusanya zote, akiwapa vibarua nyingine mpya. Lakini kwa mjane hakufika. Alizichoma nyuma ya gereji. Moshi wake haukupanda. Ulijikunja, ukamwendea usoni, ukaingia puani na kinywani mpaka moto ukazimika.

Alama zikakoma. Mwandawiro akalala usingizi.

Jumamosi akamkuta Nzembi, mjane wa Kimeu, kwenye mfereji wa maji. Wanawake walikuwa wamelisukuma debe lake nyuma ya foleni.

"Mke wa mlevi atangoja," alisema mmoja, na Priscilla akacheka pamoja nao.

Hapo Mwandawiro hakuweza kuvumilia tena. Akamsogelea mjane mbele ya wote.

"Mama, siku ile mume wako—"

Maneno hayakutoka. Ulitoka upepo, fyuuu, mrefu, unaonuka mpira. Akajaribu tena, akajaribu tena, na kila alipotaka kulitaja jina la Kimeu kifua chake kilizidi kusinyaa.

Nzembi akarudi nyuma na debe lake.

"Mungu wangu, Baba Alice. Hata wewe umelewa?"