Daai Baak Hakuitwa Mezani

Yuk-Sim alipakua wali, akaweka samaki wa mvuke katikati ya meza. Alikulia mjini na mama yake tu, wawili katika chumba kimoja, kila mtu na bakuli lake. Sasa alikuwa na mama mkwe wake kijijini Shunde, kusini mwa China, akimlea mwanawe mchanga.

Jioni hiyo alikuja Mzee Kin-Tong, kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe. Karamu ya siku mia tangu mtoto azaliwe ilikuwa karibu. Mzee huyo asipohudhuria, ukoo wote hauji.

"Haya, tuleni, samaki anapoa," alisema Yuk-Sim, akaanza kula.

Mzee aliweka vijiti chini. "Nimeshiba." Akachukua kofia, akaenda zake. Bakuli lake lilibaki limejaa.

Asubuhi Yuk-Sim alimsimulia jirani, Bi Leung, muuza tofu.

"Uliwaita watu kabla ya kula?"

"Niliwaambia tuleni."

"Hivyo ndivyo bata wanavyoitwa, mwanangu. Mtu huitwa kwa cheo chake, mmoja mmoja, mkubwa kwanza. 'Daai Baak, karibu wali.' Kisha mama mkwe wako. Wakiitika, ndipo ushike vijiti."

"Nilidhani ni Suk."

"Suk ni baba mdogo. Huyu ni baba mkubwa, ni Daai Baak. Ukimwita Suk umemshusha ngazi."

"Mbona mama mkwe hakunionya?"

"Akukemee mbele ya mgeni? Nenda kwake. Mwite kwanza, mengine baadaye."

Yuk-Sim alimkuta mzee bwawani, akiwatupia samaki majani.

"Daai Baak," alisema, akasimama.

Mzee alimaliza kapu lake la majani. "Mm," aliitika. "Karamu ni saa ngapi?"

Siku ya karamu ukoo ulijaa mezani. Yuk-Sim alisimama, mtoto mikononi. "Daai Baak, karibu wali. Mama, karibu wali." Akaendelea hadi wa mwisho, hakumruka mtu. Kila mmoja aliitika.

Mzee Kin-Tong hakugusa vijiti. Alimtazama mtoto.

"Na huyu? Hana ulimi?"

Yuk-Sim alimwinua mwanawe, akasema kwa niaba yake, kama mjukuu amwitavyo kaka mkubwa wa babu: "Baak-gung, karibu wali."

"Mm," aliitika mzee, akavuta bakuli. "Sasa nina njaa."