Ameamka, Lakini Amelala Lini?

Severina alikuwa mtu wa kushukuru. Akipata ndoo ya maji, asante Mungu. Mchi usipovunjika, asante Mungu. Hata kuku akitaga vichakani badala ya kwenye kiota, Severina alishukuru kwanza, kisha akamfukuza kuku. Mumewe, Dunstan, alipenda kumtania.

"Mama Mabel, siku moja utashukuru kwa kuumwa na siafu."

"Wakiniuma, nitajua miguu yangu ni mizima," Severina alijibu.

Waliishi karibu na Chiwata, zamani za utawala wa Mwingereza. Walilima mihogo, mtama na karanga, na walikuwa na mikorosho michache. Mabel, binti yao wa pekee, alikuwa shule ya bweni ya misheni. Nyumba yao ilikuwa na amani, ila jambo moja tu. Severina na wifi yake Emilia, dada yake Dunstan, walikuwa hawasemezani mwaka wa nne sasa. Emilia aliishi ng'ambo ya ua wa matete. Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye kinu. Severina alikiazima kizima, akakirudisha kina ufa.

Mwaka huo Severina alifunga Kwaresima kwa bidii kupita kiasi. Alikula mara moja kwa siku, tena kidogo. Jumatatu moja alikuwa peke yake shambani, aking'oa karanga. Ghafla aliona mwanga mweupe juu ya matuta, mwanga usioumiza macho. Akasikia anaitwa kwa jina lake la utotoni. Alilia kwa furaha. Aliacha karanga palepale, akaenda moja kwa moja kwa Emilia, akapiga magoti.

"Wifi, kinu ni chako, ufa ni wangu. Nisamehe."

Emilia naye akalia. Wakakumbatiana pale uani. Dunstan aliduwaa. Yeye alijaribu kuwapatanisha mara nyingi, akaambulia kununiwa pande zote mbili.

Mwalimu Cecil, aliyefundisha dini kanisani, alifurahi mno. "Mama Mabel ameamka!" alitangaza. "Roho imeamka!"

Neno hilo likaenea kijijini. Mama Mabel ameamka. Watu wakaja kumtazama na kuimba naye.

Siku ya pili Severina hakula kabisa. Siku ya tatu alisema haraka hata maneno yakapandana. Alifagia uwanja, akaufagia tena. Mbegu za karanga aligawia kila aliyepita njiani. Mkeka wake wa kulalia ulibaki umekunjwa.

Siku ya tano, asubuhi, alijifunga kanga kiunoni.

"Nakwenda Makote," alisema. "Ndugu zangu kule Newala hawajasikia habari hii."

"Kwa miguu?" Dunstan aliuliza. "Bila chakula? Na ule mlima?"

"Nitapita njia ya kwenye genge. Nikifika ukingoni nitaruka. Malaika watanidaka."

Dunstan alilijua genge lile. Mbuzi akianguka pale, hata ngozi haichunwi.

Emilia alimvuta kaka yake pembeni. "Mlungu wangu! Kaka, haya ni mashetani. Tumfunge kamba, tutafute wapiga ngoma."

"Hapana!" alisema Mwalimu Cecil. "Roho akimshukia mtu, haguswi. Mwacheni aende."

Dunstan alichanganyikiwa. Akimfunga, atakuwa anashindana na Mungu. Akimwacha, atakuwa mgane kabla ya jua kuzama. Alimshika mkewe mkono. "Subiri kwanza. Nikakutafutie mtu wa kukusindikiza." Alimwachia Emilia mkono ule, akakimbia hadi dispensari ya misheni.

Nesi Magdalena alikuwa akifunga kidonda cha mtu.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, Baba Mabel. Mbona unahema hivyo?"

"Mke wangu ameamka."

Magdalena aliimba kwaya, kwa hiyo neno lile alilielewa. "Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Na tangu aamke, amelala mara ngapi?"

Kijiji kizima kilikuja kumwona Severina, na hakuna aliyeuliza swali hilo, hata Dunstan mwenyewe mwenye mke.

"Hajalala," alisema polepole.

Magdalena alichukua mkoba wake, wakaondoka.

Alipofika hakumkemea Severina wala hakumbishia. Aliketi mkekani, akamsikiliza kwa muda mrefu. Kisha akampima homa.

"Malaria ikipanda kichwani humfanya mtu aseme ovyo," alieleza. "Lazima tuanzie hapo. Hana homa. Lakini tazameni midomo, imekauka kabisa."

Mwalimu Cecil hakupendezwa. "Nesi, unampima Roho kwa kipimajoto?"

"Mwalimu, mimi sikuja kumpima Mungu. Nimekuja kumpima Mama Mabel. Aliyoyaona shambani siwezi kuyapima, na sitayacheka. Amepatana na wifi yake, hilo ni jema kubwa. Lakini kichwa nacho ni sehemu ya mwili. Kikikosa chakula na usingizi siku nyingi, kinaugua. Hapo mtu hatambui tena sauti ipi aifuate."

"Ndiyo kusema ana wazimu?" Emilia aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni mgonjwa, mwanangu. Kuna wagonjwa wa tumbo, kuna wagonjwa wa akili. Hakuna aibu hapo. Na hiyo kamba irudishe kwa mbuzi wako. Ukimfunga utamtia hofu, na hofu itamzidishia ugonjwa."

"Tufanye nini, basi?" Dunstan aliuliza.

"Watu wote hawa waende kuombea kwa Mwalimu. Hapa pawe kimya. Mpe maji, mpe uji, kidogo kidogo. Ficheni mapanga na majembe. Asikae peke yake hata kidogo, mpokezane. Daktari wa hospitali ameniruhusu kutoa dawa hii ya usingizi. Asipolala hadi kesho mchana, tunampeleka hospitali kwa machela. Akilazimisha kwenda gengeni, hatungoji kesho."

Severina alisimama. "Silali! Nimeitwa!"

Mwalimu Cecil alitazama midomo ile iliyopasuka. Nadhani ndipo alipoiona kwa mara ya kwanza. Alichuchumaa mbele yake.

"Mama Mabel," alisema, "aliyekuita ndiye aliyeumba usingizi. Makote haikimbii. Kunywa uji."

Severina aliliheshimu neno la Mwalimu. Akaketi, akapokea bakuli.

Kesho yake mchana Dunstan alikuwa uani, akichambua karanga bila kujua anachambua nini. Mara Emilia alitoka ndani, mikono kichwani, machozi yakimtiririka.

"Kaka! Wifi amelala!"

Sasa, watu wa kanisa huko wanapotangaza msiba hawasemi fulani amekufa. Husema amelala. Ungo ulimponyoka Dunstan. Ng'ambo ya ua mwanamke mmoja akaangua kilio, wa pili akampokea. Mwalimu Cecil, aliyekuwa akija kumjulia hali, alivua kofia, akakimbilia kanisani. Kengele ya msiba ikaanza kulia.

Dunstan aliingia ndani akipepesuka. Severina alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, akikoroma.

Dunstan alikaa sakafuni. Alicheka, akalia, akacheka tena. Akatoka nje mbio.

"Anakoroma! Waambieni waache kengele! Mke wangu anakoroma!"

"Si nilisema amelala?" alisema Emilia. "Mlitaka nisemeje?"

Kengele yote ile haikumwamsha. Alilala mpaka asubuhi.

Lakini hakupona siku moja. Daktari alimwona hospitalini, akampa dawa za kumeza. Kwa majuma kadhaa alichoka upesi, na siku nyingine alilia kwa kuona haya. Kila juma Magdalena alipita kumsalimu. "Usingizi ukikukimbia siku mbili," alimwambia, "usingoje ya tatu. Njoo kwangu."

Severina hakuukana ule mwanga. Mumewe hakumbishia. Karanga zilipokwisha kuvunwa, walipanda lori kwenda Makote, yeye, Dunstan na Emilia, na kapu la mihogo ya kuchemsha. Ndugu zake walimsikiliza hadi mwisho. Na tangu mwaka ule, Mwalimu Cecil akiambiwa mtu ameamka, hufurahi, kisha huuliza kama amelala na kama amekula.

Siku waliyorudi, Severina alikaa mlangoni akishukuru.

"Asante Mungu kwa mwanga. Asante kwa wifi yangu. Asante kwa Nesi Magdalena. Asante kwa uji, na kwa usingizi. Asante kwa mume aliyekimbia."

Ilimbidi Dunstan atanie.

"Na kwa kukoroma, je?"

"Hilo shukuru wewe, Baba Mabel," alisema Severina. "Mimi sikulisikia."

Na kweli, Dunstan alishukuru.