Boti la Kiti Kimoja

Jirani yeyote wa Gatsata, mtaa wa Kigali, angekwambia kuwa nyumba ya Lusekelo ni nyumba ya amani. Hapakusikika ugomvi pale, wala sahani kuvunjika, wala mlango kubamizwa. Jioni, taa za Nyabugogo zinapoanza kuwaka bondeni, ungemkuta mke wake, Kaliza, akipakua wali na isombe, yaani kisamvu, sebuleni, na watoto wao wawili, Winifred na Muhire, wakigombania kijiko kikubwa huku wakicheka. Kisha ungemwona Lusekelo akichukua sahani yake, akisema "asanteni," akiingia nayo chumba cha nyuma na kufunga mlango taratibu, asimsumbue mtu.

Ndugu zangu, utazameni vizuri mlango huo. Ugonjwa ninaowasimulia uliishi nyuma yake, na haukuwa na kelele.

Lusekelo alitoka Kyela, kusini mwa Tanzania, akaja Kigali kuwa mhasibu katika ofisi moja ya Kiyovu. Kaliza ni Mnyarwanda aliyelelewa Ngara, upande wa Tanzania, na walipooana walizungumza Kiswahili hadi usingizi uwachukue. Baadaye watoto walianza shule, na Kinyarwanda kikaingia nyumbani pamoja na mabegi yao. Mezani hadithi zilikwenda mbio. Mwanzoni Lusekelo aliuliza, "Mnacheka nini?" na Winifred alijitahidi kumtafsiria, lakini kichekesho kilimfikia kimeshapoa. Akaacha kuuliza. Wao nao wakaacha kumweleza. Yeye alisema umri wa kujifunza lugha umempita. Wao walisema baba anapenda utulivu. Hivyo ndivyo sahani ilivyohamia chumbani, na hakuna aliyeikumbuka siku yenyewe.

Hata Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima unapotoka na majembe kwenda umuganda, ile kazi ya pamoja, kisha watu wakakaa mkutanoni kupanga mambo yao, Lusekelo alisingizia mgongo. Kaliza alikwenda kwa niaba ya nyumba.

Siku moja Bernard, Mtanzania mwenzake wa ofisini, alihamishwa kurudi kwao. Hakuweza kusafiri na vitu vyote, akamwachia Lusekelo boti lake la kuvulia samaki. Lilikuwa boti la kujaza upepo: maboya mawili marefu ya rangi ya chungwa, fremu ya chuma katikati, makasia mawili, na kiti.

"Kiti kimoja tu?" Lusekelo aliuliza.

"Ndiyo raha yake, bwana. Hakuna wa kukuomba umshushe njiani. Lakini nisikilize. Asubuhi ziwa Muhazi limelala kabisa. Jua likipanda, upepo unaamka. Anza kwa kwenda kule upepo unakotoka, ili ukichoka ukurudishe. Kaza vizibo vya maboya. Jaketi la kuokolea ulivae, usilifanye mto. Na usiende bila kumwambia mtu."

"Nimwambie nani mimi?" Lusekelo alijibu akicheka.

Bernard hakucheka. "Una mke, Lusekelo."

Lusekelo akalificha boti chini ya kitanda. Akachagua Jumamosi ya umuganda, kwa sababu siku hiyo hakuna aliyetarajia kumwona. Alfajiri alilibeba begani hadi barabarani, ambako teksi aliyoikodi ilikuwa ikimsubiri. Alipotoka aliurudisha mlango wa chumba chake kama kawaida.

Dereva alimshusha Rutunga, ukingoni mwa ziwa, akaahidi kurudi jioni. Lusekelo akajaza upepo kwa pampu ya mguu. Boya la kwanza alilijaza likawa gumu kama ngoma. La pili mguu ulimchoka, akakiingiza kizibo bila kukikaza sana. Jaketi alilikalia, maana kiti kilikuwa na baridi. Upepo haukuwepo, basi hakujiuliza ungetoka wapi. Akapiga kasia kuelekea popote.

Msiniulize kama alifurahi. Alifurahi mno. Ukungu ulikuwa ukiondoka juu ya maji, vilima vya pande zote vimesimama kimya, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu ukimya ule haukumkumbusha kuwa ametengwa. Akatupa ndoana, ikavutwa. Akamtoa sato mnene, magamba yaking'aa.

"Tazameni!" alisema kwa sauti.

Neno lilipita juu ya maji likapotea. Alibaki amemnyanyua samaki yule, akimwonyesha nani? Mkono ukaanza kumuuma. Akamshusha polepole ndani ya wavu.

Ndipo upepo ulipoamka. Ulitoka upande aliotoka yeye, ukalisukuma boti lile jepesi kama unavyosukuma mfuko wa nailoni barabarani. Akageuka, akapiga makasia kwa nguvu, lakini ukingo ulizidi kuwa mdogo. Upande wa mkono wake wa kushoto ulianza kusikika mlio mwembamba, sss, sss, kama chai inayokaribia kuchemka. Boya la pili lilikuwa likipumua nje. Akainama kutafuta kizibo, na kasia moja likachomoka kwenye pete yake na kuelea mbali. Kwa kasia lililobaki boti lilizunguka tu pale pale.

"Jamani!" alipaza sauti. "Nisaidieni!"

Ukingoni hapakuwa na mtu. Siku nyingine zote pangekuwa na wanaofua, wanaochota maji, wanaotengeneza nyavu. Lakini leo wote walikuwa nyuma ya kilima, kwenye umuganda. Upepo ulipopungua kidogo alisikia majembe yao, na mara moja kicheko cha watu wengi kwa pamoja. Hakikumhusu.

Simu ilikuwa mfukoni. Aliitoa, akaliona jina la Kaliza, na kidole kikasita. Ataanza wapi? Kwa muda mrefu alikuwa akimpigia kwa mambo ya gesi na umeme tu. Atasema, "Mke wangu, nazama, na sikukwambia kuwa nina boti"? Akaona haya. Akasema ngoja kwanza nijaribu tena kasia. Akajaribu, akachoka. Alipoitoa simu mara ya pili boya lilikuwa limelegea kabisa, boti likainama kushoto, mikono imelowa. Simu ikateleza. Aliiona ikishuka majini, kioo bado kinawaka.

Hapo Lusekelo alilia. Aliogopa kufa, ndiyo. Lakini kilichomliza ni hesabu aliyoipiga kichwani: nani atauliza yuko wapi? Watarudi kutoka umuganda, watapika, watakula. Aliwazoesha kutomtafuta, nao wamezoea. Akalivuta jaketi alilokuwa amelikalia, akalivaa, akalikumbatia boya zima.

Mkutano wa kule kilimani ulipokwisha, watu waliteremka ziwani kuosha majembe. Mwanamke mmoja alikiona kitu cha rangi ya chungwa katikati ya maji, akapiga kelele. Mvuvi aitwaye Hakizimana akarukia mtumbwi wake pamoja na mwenzake.

"Pore pore, mzee! Usishike mtumbwi kwa upande! Kamata kasia hii!" Wakamvuta ndani kama gunia. "Iko mtu ingine kwa maji?"

"Hapana. Niko peke yangu."

"Peke yako? Na hii mupira? Ata mimi naenda na mwenzangu, na nimezaliwa hapa." Hakizimana akamtupia koti lake. "Nyumbani wanajua uko huku?"

Lusekelo akatikisa kichwa.

"Eh! Basi chukua simu yangu. Pigia wao sasa."

Namba ya Kaliza aliijua kwa moyo tangu enzi za uchumba. Simu ililia kidogo tu, akapokea.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi. Niko Muhazi. Nilikuwa nazama, wameniokoa."

Nyuma ya Kaliza alisikia sufuria, na Muhire akiimba.

"Muhazi?" Kaliza alisema. "Lusekelo, si uko chumbani?"

Lusekelo akaikaza simu sikioni.

"Nimekuwekea chai mlangoni tangu asubuhi. Naiona hapa. Nikasema nisikugongee, hupendi kugongewa. Nimekuwa nikitembea kwa vidole ili usiamke."

Kaliza na watoto wakaja na teksi, wote watatu. Kaliza hakumgombeza. Alimfunika kitenge, akakaa naye kwenye majani bila kumwachia mkono. Ni Winifred, wa miaka kumi na miwili, aliyesimama mbele ya boti lililonywea, akakitazama kiti.

"Baba, ungekufa," alisema, "sisi tungeendelea kukuwekea chakula mlangoni."

Lusekelo akafunika uso. "Nisamehe, mwanangu. Nilijifungia mwenyewe."

"Na sisi hatukubisha hodi," Kaliza alisema.

Jioni ile Lusekelo alikula sebuleni. Ilikuwa shida, nisiwadanganye. Vijiko vilisikika kuliko watu. Mwisho Muhire alishindwa kujizuia, akaropoka kisa cha mwalimu wake kwa Kinyarwanda. Mama na dada wakaangua kicheko, kisha wakanyamaza ghafla, wakimtazama baba.

"Mnacheka nini?" aliuliza.

Muhire akaanza kutafsiri, akakwama.

"Acha Kiswahili," Lusekelo alisema, akivuta kiti karibu. "Nisimulie kwa Kinyarwanda. Ila taratibu, neno moja moja. Tuna usiku mzima."

FUNZO

Wapendwa wasomaji, boti lilimfundisha Lusekelo mambo ya ziwani: kaza kizibo, vaa jaketi, usingoje upepo ukuonyeshe unakotoka. Hayo yashikeni, yanaokoa maisha. Lakini funzo kubwa liko nchi kavu. Nyumba isiyo na ugomvi inaweza kuwa na mtu anayezama ndani yake. Wewe uliyejitenga, mwambie mtu mmoja unakokwenda, na uombe msaada kabla aibu haijakulegeza mikono. Nanyi mnaoishi na mtu mkimya, msimsifu tu kwa ukimya wake. Naamini hakuna nyumba iliyochelewa mno kwa jambo hili. Leo, kabla chai haijapoa, nendeni mkagonge mlango.