Kanda ya Sehemu ya Kumi

Saa nane kasorobo mchana, Jumamosi ya pili ya Oktoba, Bibi Eluned Parfitt alifungua kamba ya kasha lake la bati, akatoa kanda ya video na kuisogeza karibu na macho.

"Hii siyo," alisema. "Hii ni kwaya!"

Ukumbini mwa kanisa watu wote wakageuka. Nje, mvua ya Swansea ilikuwa ikipiga madirisha tangu asubuhi. Meinir Probert, aliyekaa mlangoni na daftari la mahudhurio, aliangalia saa, akaandika dakika, kisha akafunga mlango kwa ufunguo. Tangu saa sita hapakuwa na mtu aliyetoka. Kanda ilikuwa humu humu ndani.

Watu thelathini na wanne walikuwa wamekuja kwa ajili ya kanda hiyo. Wote walikuwa wapenzi wa *Bandari ya Nyota*, tamthilia ya anga za mbali waliyokua nayo tangu utotoni. Tamthilia hiyo ilizaa machipukizi mawili, yaani tamthilia nyingine zilizotokana nayo. La kwanza, *Walinzi wa Lango*, lilijaa meli za vita na milipuko. La pili, *Wauguzi wa Anga*, lilihusu meli ya hospitali isiyo na silaha hata moja, nalo lilikatwa baada ya sehemu tisa tu. Sehemu ya kumi ilipigwa picha lakini haikurushwa. Mwongozaji wake alikuwa marehemu mume wa Bibi Eluned, Hefin, na nakala iliyobaki ilikuwa hiyo moja. Ingeonyeshwa saa tisa, halafu wapige kura: chipukizi lipi ni bora?

"Tupekue mikoba ya watu!" alifoka Idwal Gronow, mwenyekiti wa chama chao, huku ameshika upawa wa supu.

"Hapana," alisema Meinir. "Ukishampekua mtu, mwezi ujao humwoni."

Meinir alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na tisa katika ofisi ya vitu vilivyopotea ya mabasi. Miavuli, meno ya bandia, hata kinubi kilipita mikononi mwake. Alimshika mkono Bibi Eluned, akampeleka jikoni.

"Mama, hiyo kanda ikoje?"

"Nyeusi, kama zote. Ila ina lebo ya kijani, na mwandiko wa Hefin. Tangu tisini na tatu hakuna aliyeiona ila mimi." Bibi huyo alikuwa na miaka themanini na moja, na treni yake ilikuwa saa kumi na moja. "Hefin hakuwahi kuiona ikitazamwa na watu, mpenzi. Mimi nilitaka niione mara moja tu, nikiwa nimezungukwa na watu."

"Basi sura yake usimwambie mtu yeyote."

Kasha lilikuwa limewekwa katika chumba cha stoo saa saba kasorobo. Ufunguo wa stoo ulitundikwa msumarini karibu na mlango wa jikoni, na Meinir alikuwa ameona watu watatu tu wakiuchukua. Kanda za kwaya zilijaa rafu nzima humo stoo. Meinir akamrudisha bibi ukumbini, akaanza kuwaita watatu hao jikoni mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa Idwal. Dunia nzima ilijua kwamba aliwachukia *Wauguzi*.

"Niliingia saa saba na dakika tano, nikachukua nyaya," alisema. "Unanishuku mimi?"

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba hilo chipukizi ling'olewe pamoja na mizizi yake."

"Na bado nasema! Sehemu tisa za watu kufungana bendeji na kuongea juu ya huzuni zao! Lakini Meinir, mwenzangu, nitaicheka vipi bila kuiona? Ile mashine ya kuchezea kanda ni yangu. Nimeshinda wiki nzima naisafisha kwa pamba."

Ilikuwa kweli. Meinir alikuwa ameiona mashine ile mezani ukumbini, inang'aa kama sahani ya harusi.

"Na hiyo kanda inafananaje?"

"Nijuaje? Kanda ni kanda."

Wa pili alikuwa Tegwen Sayce, muuzaji wa vitu vya kale vya tamthilia. Aliingia stoo saa saba na robo kutafuta kitambaa cha meza.

"Sema tu, Meinir. Mnafikiri ni mimi kwa sababu nauza."

"Ungeweza kuiuza?"

"Kwa nani? Kanda bila kasha lake? Mfuniko wa kasha una sahihi za waigizaji wote sita. Mwizi mwenye akili zangu angechukua kasha, akawaachia kanda." Akacheka, kisha akaona aibu. "Maskini bibi wa watu. Inafananaje, nisaidie kutafuta?"

Meinir akatikisa kichwa tu, akamwacha aende.

Wa tatu alikuwa Emlyn Beddoe, fundi wa miwani, mtu mpole asiyependa kukaa mstari wa mbele. Chama kizima kilimpenda. Kwa miaka ishirini na saba, katika kila toleo la kijarida chao, Emlyn aliandika hadithi ya kuendeleza *Wauguzi wa Anga* kutoka pale zilipokomea sehemu tisa. Nesi mkuu Oriela alikuwa amezeeka kwenye kurasa zake, akaolewa, akapata wajukuu.

"Niliingia saa saba na dakika ishirini kuchukua viti," alisema. "Sikuona kitu."

"Wewe ndiye ungeumia kuliko wote ikipotea."

"Ndiyo." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Lakini mtu ataificha wapi, Meinir? Kanda kubwa vile, na lebo ya kijani inayoonekana hata kwa mbali."

Meinir hakufurahi. Ofisini kwake alizoea kufurahi mtu akitaja kitu kwa alama zake, kwa kuwa hapo ndipo mwenyewe anapopatikana.

"Emlyn," alisema taratibu, "lebo ya kijani umeiona wapi?"

Emlyn aligusa tena miwani yake.

"Kasha lilikuja limefungwa. Mama Eluned hakumwonyesha mtu."

Kisha Emlyn akauvuta mkoba wake, akatoa skafu ya sufu iliyoviringishwa vizuri kama mtoto mchanga. Kanda ilikuwa ndani.

"Nisingeiharibu," alisema. "Naapa. Sikujua hata nitaifanyia nini."

"Basi kwa nini umeichukua?"

"Kwa sababu huenda anakufa humo!" Akaishika kanda kwa mikono miwili. "Oriela. Ikiwa anakufa, basi miaka ishirini na saba nimemwandika maiti. Na Idwal angecheka. Mengine yote ningeyavumilia, lakini kumsikia Idwal akicheka pale, hapana."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo, na Idwal alikuwa amesimama nyuma yake na upawa wake. Alikuwa mwekundu hadi masikioni.

Bibi Eluned alimpita Idwal, akaingia, akaipokea kanda, akamgeukia Emlyn.

"Wewe ndiye Beddoe? Kijarida chenu hunifikia," alisema. "Njoo ukae na mimi."

"Mama, nimekuibia."

"Nimeshasikia. Njoo ukae."

Saa tisa na dakika kumi taa zilizimwa. Picha ilicheza-cheza, ikatulia. Meli ya hospitali ilikuwa ikivuja hewa, na Oriela alikuwa akiwahamisha wagonjwa kwa mikono yake, akiwaimbia wasiogope. Hakuna aliyecheka. Mahali fulani gizani mtu alivuta makamasi, na Meinir, aliyekuwa karibu, alijua ni Idwal.

Dakika ya kumi na tisa, Oriela alisimama mbele ya mlango wa mwisho, akageuka, akasema, "Nikishafungua hapa—"

Kioo kikawa cheupe.

"Imekwama!" mtu alilia.

"Haikukwama," alisema Bibi Eluned. "Hapo ndipo tulipoambiwa tuzime taa twende nyumbani. Hefin hakuruhusiwa kupiga picha za mwisho. Alikuwa na miisho mitatu kichwani na hakuniambia amechagua upi."

Watu walibaki wakitazama weupe ule. Hakuna aliyekumbuka kura. Ndipo Idwal alipoinuka, akakohoa, akageuza kiti chake kiangalie pale alipokaa Emlyn.

"Haya, bwana Beddoe," alisema. "Mimi hadithi zako sikuzisoma hata moja. Alipofungua mlango, ikawaje?"

Emlyn alimtazama Bibi Eluned. Bibi akamgusa goti.

"Alifungua," alianza Emlyn, "na upande wa pili hapakuwa na kiza, kama alivyodhani."