Vichuguu vya Ngitili ya Mabula

Martina aliinjika jikoni sufuria ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Kisha alitoka kwenda kuwaangalia maksai. Walikuwa wawili, Skania na Kazimoto. Mumewe, Mabula, ndiye aliyewapa majina hayo. Maksai hao ndio waliolima shamba la mahindi na shamba la pamba. Nyumba hiyo, nje kidogo ya Kharumwa, haikuwa na trekta. Maksai wakidhoofu, shamba halilimwi. Shamba lisipolimwa, watu hawali.

Kiangazi cha huko ni kirefu. Kwa hiyo Wasukuma wana njia yao ya kuwatunzia ng'ombe chakula. Wakati wa mvua hufunga kipande cha ardhi. Hakuna mnyama anayeingia, na majani hukua. Jua likikaza na malisho mengine yakiisha, kipande hicho hufunguliwa. Kinaitwa ngitili. Mabula alirithi ngitili kutoka kwa baba yake. Ilikuwa na majani mengi, miti michache, na vichuguu vinane vya mchwa. Baadhi vilikuwa virefu kuliko mtu.

Martina hakuvipenda vichuguu hivyo.

"Mchwa wamekula mlango wa jiko," alimwambia mumewe asubuhi hiyo. "Wamekula sanduku langu la harusi. Sasa naona wananitazama mimi."

"Wewe huliki, Mama Salome," Mabula alijibu. "Una maneno makali mno."

Salome, binti yao, alicheka hadi michembe ikamkwama kooni.

Walikuwa bado wanakula alipofika Davis, mdogo wake Martina. Davis alikuwa mchimba dhahabu. Alikuwa na sururu begani na karai mkononi.

"Shemeji," Mabula alimwambia, "umekuja kutembea au umehamia?"

"Nimekuja kukutajirisha, shemeji. Mnalala juu ya mali na hamjui."

Davis alikaa, akachota michembe, akaeleza. Mchwa huchimba kuliko wachimbaji. Wachimbaji hushuka kwa kamba, huku wakiogopa kufukiwa. Mchwa hushuka chini sana bila tochi, kufuata maji. Kisha hupandisha udongo. Kama chini kuna dhahabu, udongo wa kichuguu nao unakuwa na dhahabu.

"Nani kakwambia?" Martina aliuliza.

"Dada, kila mchimbaji anajua. Hata wataalamu wa madini hupima udongo wa vichuguu."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini Davis alikuwa anajua nusu tu ya jambo hilo.

Mabula alimtazama mkewe. Martina alinyanyua mabega.

"Bomoeni. Mkikosa dhahabu, angalau mtakuwa mmenilipizia kisasi cha mlango wangu."

Wakabomoa. Kichuguu kilikuwa kigumu kama saruji. Ndani walimkuta malkia wa mchwa, mnene kama kidole gumba. Kuku wakamla. Waliosha udongo kwenye karai, hawakuona kitu. Walibomoa cha pili, hawakuona kitu. Walipobomoa cha tatu, Davis alipiga kelele. Kwenye karai kulikuwa na chembe ya njano, ndogo kama punje ya chumvi.

Basi wakachimba pale pale hadi shimo likawafika kifuani.

"Jumatatu naleta vijana," Davis alisema. "Tunabomoa vyote vilivyobaki. Halafu tunashusha duara."

Duara ndilo jina ambalo wachimbaji huliita shimo la dhahabu. Mabula alikubali. Alikuwa ameanza kufikiria bati la nyumba.

Kesho yake aliwafungulia maksai waingie kwenye ngitili. Skania alisimama kula langoni. Kazimoto hakusimama. Alinyoosha moja kwa moja hadi mahali kilipokuwa kichuguu cha tatu. Akatumbukia kwenye shimo.

Majirani walikuja na kamba. Walivuta hadi mikono ikachubuka. Kazimoto alitoka, lakini mguu wa mbele haukukanyaga chini. Mihayo, jirani yao, alifuta jasho.

"Mabula, ndugu yangu, unamchimbia ng'ombe wako kaburi kabla hajafa?"

Alitaka kutania. Hakuna aliyecheka. Martina alikuwa ameshika pembe ya Kazimoto, anaihesabu miezi iliyobaki kabla ya mvua.

Waliita afisa mifugo wa kata. Jina lake Justa. Alikuja kwa pikipiki, buti zake zimejaa vumbi. Justa hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Shikamoo, mama," Martina alimwamkia.

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

Aliupapasa mguu polepole. Kazimoto alihema. Justa alimchoma sindano ya maumivu.

"Haujavunjika. Umeteguka. Asitembee. Mleteeni majani na maji hapa hapa kivulini. Nitarudi kumwangalia. Sasa nionyesheni hilo shimo."

Walimpeleka. Justa alilitazama shimo, akatazama vichuguu viwili vingine vilivyobomolewa.

"Nani kafanya hivi?"

Davis aliangalia viatu vyake.

"Ni mimi na shemeji," Mabula alisema. "Tunatafuta dhahabu."

"Na mchwa ni waharibifu, mama," Martina aliongeza haraka. "Wamekula mlango wangu."

"Mchwa wa nyumbani wadhibiti," Justa alisema. "Usilundike kuni ukutani. Paka mbao dawa. Ukiona njia zao za udongo zinapanda, zikwangue. Lakini hawa wa malishoni ni vibarua wenu. Mmewafukuza kazi kwa kosa la wenzao."

"Vibarua wa kazi gani?" Davis aliuliza.

Justa alimgeukia Mabula.

"Baba Salome, wewe ndiye mchungaji. Ngitili hii unaijua kuliko mimi. Kiangazi kikiwa kikali, maksai wakipotea humu, unakwenda kuwatafuta wapi?"

"Kwenye vichuguu," Mabula alijibu bila kufikiri.

"Kwa nini huko?"

"Majani ya huko hukauka mwisho. Na wanayapenda. Kazimoto ukimfungulia tu, anakwenda..."

Mabula alitazama chini ya shimo. Alama za kwato zilikuwa bado zinaonekana ukutani.

"Alikuwa anakwenda kula," alisema polepole. "Alikuwa anakwenda kula tu."

Martina alimgusa mkono mumewe. Justa alichuchumaa, akaokota bonge la udongo wa kichuguu, akalivunja. Ndani mlikuwa na matundu mengi.

"Tazameni. Mchwa hukusanya majani makavu, vijiti na mavi ya ng'ombe. Huviingiza chini, vikawa mbolea. Hupandisha udongo wa mfinyanzi wenye unyevu. Na haya matundu ndiyo mlango wa maji. Siku hizi mvua zetu huja kwa fujo, zikamwaga mara moja, zikakata. Ardhi ngumu haiwezi kunywa maji hayo. Yanakimbia na udongo wenu hadi mtoni. Ardhi yenye matundu inakunywa."

Alinyoosha kidole kwenye mkwaju uliokuwa na majani mabichi.

"Mti ule umeota wapi?"

"Juu ya kichuguu," Martina alisema. Alikuwa ameuona miaka yote. Hakuwahi kujiuliza.

"Haukupotea njia. Umefuata chakula na maji. Nguchiro nao hulala kwenye vichuguu, na kenge hutaga mayai humo. Wala si hapa tu. Nchi kame ziko nyingi duniani. Nenda nyika za Afrika, nenda Brazili, nenda Australia, utakuta vichuguu, na kazi ya mchwa ni hiyo hiyo."

Davis alitoa kikaratasi mfukoni, akakikunjua.

"Sasa mama, na hii?"

Justa aliitazama chembe.

"Ni dhahabu."

Davis alitabasamu.

"Usicheke bado. Ukanda wetu wote huu una chembe za namna hiyo. Chembe moja haimaanishi kwamba chini kuna mwamba wa dhahabu. Najua umesikia kwamba wataalamu hupima vichuguu. Ni kweli. Lakini wanabomoa?"

Davis alijikuna kichwa. "Sijawaona wakipima."

"Hawabomoi. Wanakwangua udongo kidogo ubavuni, kiasi cha kikombe. Wanaandika umetoka wapi. Wanakwenda kuupima. Mchwa wanaziba pale walipokwangua, maisha yanaendelea. Fanyeni hivyo. Mkipata kitu cha maana, kaombeni leseni kwanza, maana kuchimba bila leseni ni kosa. Lakini msiue malisho kwa ajili ya kubahatisha."

"Vijana nimeshawaambia waje Jumatatu."

"Waambie tena."

Davis hakuwaambia. Aliona aibu. Jumatatu asubuhi vijana walifika wakiwa na masururu na machepe. Mabula alikuwa amesimama kwenye lango la ngitili.

"Shemeji, usiniaibishe mbele za watu," Davis alimnong'oneza.

Jambo lilikuwa zito. Kumkatalia shemeji si kazi nyepesi. Davis alikuwa mtu wao. Mwaka ambao pamba ilikosa bei, yeye ndiye aliyewaletea magunia ya mahindi. Mabula alitazama majani. Kulikuwa na vichuguu vitano vilivyobaki, na kila kimoja kilikuwa kimezungukwa na rangi ya kijani. Kwingine kote ilikuwa njano.

"Siwezi, shemeji," alisema. "Nisamehe. Hapa hapabomolewi tena."

Kijana mmoja aliangua kicheko.

"Wengine wanalinda benki. Huyu mzee analinda mchwa!"

Davis alikunja uso. Alishika sururu, akapiga hatua moja kuelekea langoni. Ndipo Martina alipofika na ndoo ya uji kichwani. Aliitua chini kwa kishindo.

"Davis! Njoo hapa."

"Dada, haya ni mambo ya..."

"Ya nani? Kazimoto amelala pale, nakata majani na kumletea kama mzazi. Maksai mmoja halimi. Vunja hivyo vilivyobaki, na Skania naye atakonda. Hapo mvua ikinyesha utavuta jembe wewe. Nitakufunga nira mimi mwenyewe, na kiboko nitashika mimi. Wewe unanijua."

Vijana walicheka, safari hii wakimcheka Davis. Yule aliyekuwa ametania alisema, "Mwamba, dada yako hatanii. Mimi nakunywa uji narudi zangu."

Davis alisimama kidogo. Kisha naye akacheka, kwa sababu alimjua dada yake. Aliegemeza sururu kwenye mti.

"Nipeni basi hicho kikombe cha kupimia udongo," alisema.

Walikwangua udongo kidogo kwenye ubavu wa kila kichuguu. Davis aliupeleka Geita mjini kupimwa. Majibu yalikuja: dhahabu ilikuwepo, lakini kidogo mno. Haikustahili hata gharama ya kamba. Davis alirudi kwa dada yake kusaidia kufukia mashimo.

Justa aliporudi kuangalia mguu, Kazimoto alikuwa anakanyaga, ingawa kwa kuchechemea. Justa alitazama pia mahali vilipokuwa vichuguu vitatu. Ardhi ilikuwa tupu na ngumu kama sakafu.

"Chukueni mavi makavu ya ng'ombe," alisema. "Chukueni majani makavu na mabua. Tandazeni hapa kote, halafu mweke matawi juu yasipeperushwe na upepo. Mchwa watakuja wenyewe kutoka chini. Watakula, na wakila watatoboa."

Martina alishika kiuno. "Yaani niwapelekee chakula? Baada ya kula mlango wangu?"

"Wapelekee. Mchwa akiwa na makavu ya kutosha, hana haraka na mahindi yako."

Martina alibeba mavi makavu kwa karai la Davis. Alinung'unika, lakini alibeba. Baada ya wiki chache aliinua tawi moja akachungulia. Chini, ardhi ilikuwa imetobolewa kama chujio.

"Baba Salome! Njoo uone. Wamekuja kazini!"

Mvua za kwanza zilipomwagika, Mabula alikwenda kusimama pale, amejifunika gunia. Njiani maji yalikuwa yanakimbia, mekundu kwa udongo. Mahali walipotandaza, maji yalituama kidogo, kisha yakazama. Baadaye majani yakaota, kwanza machache, kisha yakafunika.

Vichuguu vitatu havikurudi. Malkia wao walikufa, na kichuguu kikubwa hujengwa kwa miaka mingi. Mwaka huo pia Kazimoto alilima kidogo tu, na familia ilivuna kidogo. Kosa lilikuwa limefanyika, na walililipia.

Lakini mwaka uliofuata ngitili ilidumu kiangazi chote. Mvua zilipoanza, Skania na Kazimoto waliingia shambani siku ya kwanza, ngozi zao zinang'aa. Mabula alishika jembe, Martina aliwaongoza mbele. Mihayo alipita njiani na maksai wake. Mbavu zao zilihesabika.

"Mabula," Mihayo aliita, "hao wako umewapa dawa gani?"

"Mchwa."

Mihayo alisubiri amalizie utani.

"Sema kweli, bwana. Mimi kesho nina kazi, sina muda. Nabomoa kile kichuguu cha malishoni kwangu nipate udongo wa kukandika ghala."

"Woo!" Mabula aliwasimamisha maksai katikati ya mstari. Hakuna mkulima anayesimamisha jembe siku ya mvua za kwanza. Yeye alisimamisha. Alimtazama mkewe.

"Nenda," Martina alisema. "Nenda naye sasa hivi, kabla hajalala na mawazo hayo."

Mabula alivuka matuta akiwa na matope hadi magotini, akamshika Mihayo mkono. Martina alimwita Salome aje kuongoza maksai mbele. Kisha yeye mwenyewe akazunguka nyuma, akashika mikono ya jembe.

"Haya Skania! Kazimoto, vuta!"

Nao wakavuta.