Kusikiliza Si Kuinama

Pendo alikuwa fundi wa mashine ya kukamua alizeti kule Unyambwa. Mashine ikikwama, aliifungua, akaisafisha, na kabla chai haijapoa ilinguruma tena. Kwa kazi ya mikono hakuwa na mpinzani. Tatizo lilikuwa watu.

Wateja wa alizeti mnawajua. Kila mtu hukalia gunia lake na kuyakodolea macho mafuta yake, maana anaamini mashine inaiba. Yakitoka machache, lawama ni za Pendo. Naye hakuwa wa kuonewa. Ukimpa neno moja, alikurudishia matatu. Siku alipomwambia mteja apeleke magunia yake kwa mganga, tajiri wake, Bwana Shamte, alichoka. Alisema ugomvi mmoja tena, kazi basi. Akaongeza kwamba mwanamke anapaswa kuwa mnyenyekevu.

Neno hilo lilimchoma Pendo. Jioni alikwenda kwa jirani yake, Bi Kuluthumu, aliyekuwa karani wa baraza la kata kwa miaka mingi, akiandika kesi za mipaka na ng'ombe. Baada ya shikamoo akamwaga yote.

"Wanataka niinamishe kichwa, mama. Siinamishi ng'o."

"Usiinamishe," Bi Kuluthumu akasema. "Lakini mtu mwenye hasira ana mzigo. Ukimkatiza, anaubeba upya tangu mwanzo. Mwache autue wote. Kisha mrudishie maneno yake, ajue umesikia. Halafu uliza. Ukweli wako useme mwisho, na usiupunguze hata kidogo."

Pendo alibisha. Aliona huko ni kujipendekeza. Bi Kuluthumu akamwambia kwamba barazani wapiga kelele walishindwa kila siku, na aliyeielewa hoja ya mwenzake ndiye aliyeshinda. Basi Pendo akakubali kujaribu, shingo upande.

Jumatatu akaja mzee Mughwai na magunia manne. Walipokamua matatu, mafuta yalikuwa machache. Mzee akamwita Pendo mwizi mbele ya foleni nzima. Bwana Shamte akatoka ofisini kutazama.

Damu ilimchemka Pendo. Jibu kali lilikuwa tayari mdomoni, akalimeza. Akazima mashine ili asikie vizuri, akamwacha mzee aseme mpaka akaishiwa.

"Mzee, unasema mwaka jana ulipata mafuta mengi kuliko haya, kwa hiyo unaona nimekuibia. Nimekuelewa?"

Mzee akashangaa kidogo. "Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Mwaka huu alizeti umeianika siku ngapi?"

Mzee alikiri kwamba ni siku mbili tu, kwa kuogopa mvua. Pendo akachota alizeti kwenye gunia lililobaki, akampa aitafune. Ilibonyea tu, haikuvunjika.

"Haijakauka. Mafuta yanabaki kwenye mashudu, yale makapi yanayotoka baada ya kukamua. Mimi si mwizi, mzee wangu. Umenitukana mbele ya watu, basi lifute neno hilo mbele ya watu."

Mzee akakohoa.

"Nalifuta, binti. Gunia hili narudi nalo nyumbani."

Alilianika siku tano, akalirudisha, na safari hii mafuta yalitoka mengi. Wateja wakaanza kumuuliza Pendo namna ya kuanika kabla ya kuja. Habari ya kumfukuza ikafa. Bwana Shamte akampongeza kwa kujifunza unyenyekevu hatimaye.

"Hapana, tajiri. Nimejifunza kusikiliza," Pendo akasema. "Na wewe jaribu."

Akawasha mashine.